Kustaafu ualimu Tabora: anza na sanduku, malizia na daftari

Mwalimu aliyeajiriwa Julai 1993 na kustaafu mwishoni mwa Juni 2026 ametumikia miezi 396. Akifungua taarifa yake ya michango kwenye PSSSF Kiganjani, programu ya simu ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, atakuta inaanzia Julai 1999. Miezi 72 ya mwanzo haipo. Haijaibwa. Kabla ya tarehe 1 Julai 1999 mtumishi wa serikali kuu hakukatwa mchango wa pensheni; mfuko wa PSPF ndio ulioanza siku hiyo, na mwaka 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF zikaunganishwa kuwa PSSSF. Ile miaka sita inahesabika kwenye mafao, ila inathibitishwa na karatasi, si na mfumo. Karatasi yenyewe ni barua ya ajira ya kwanza, ile iliyopigwa kwa taipureta, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kuliwa na mchwa.

Kwa hiyo maandalizi ya kustaafu huanza chini ya kitanda. Yafuatayo ni kwa mwalimu wa shule ya serikali, awe Igunga, Nzega, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua au mjini Tabora, aliyebakiza miaka mitatu hivi. Aliyebakiza miezi sita hajachelewa, ila atalala kidogo.

Sanduku na jalada

Nunua sanduku la bati lenye kufuli, liinue juu ya matofali manne, na lisiegemee ukuta. Mchwa hupanda kutoka sakafuni na ukutani, na nyumba nyingi za walimu zina sakafu zenye nyufa. Ndani tumia faili za kawaida za karatasi ngumu. Nailoni iliyofungwa kabisa wakati wa mvua hufanya karatasi zitoe jasho, na wino wa muhuri huhamia kwenye nailoni.

Panga barua kwa tarehe. Usizipange kwa aina. Ukiweka barua za kupanda daraja peke yake na za uhamisho peke yake, hutaona pengo. Ukizipanga kwa tarehe, pengo linajitokeza lenyewe. Zinazotakiwa ni barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya kuingizwa kwenye masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, barua zote za kupandishwa daraja, za uhamisho, za ruhusa ya kwenda masomoni na za kurudi kazini, vyeti vya shule na vya chuo, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hati za mshahara si lazima ziwe zote. Chukua ya kwanza uliyonayo, moja kwa kila mwaka, na za miezi kumi na miwili ya mwisho. Zile za zamani zilizofifia zitoe fotokopi leo, mwakani hazitasomeka.

Kisha chukua karatasi moja, iwe ya kwanza kabisa kwenye jalada, uchore jedwali la safu tano: tarehe, tukio, kumbukumbu namba ya barua, daraja, kituo. Jaza mstari kwa mstari kuanzia siku ya kuripoti. Afisa utumishi akiiona karatasi hiyo anakuhudumia kwa dakika kumi badala ya kukwambia uje Alhamisi.

Jedwali hilo lina kazi ya pili. Pembeni ya kila kituo andika mstari mmoja wa ziada: ulifundisha darasa la ngapi, walikuwa wangapi, mwalimu mkuu alikuwa nani, na kitu gani kilibadilika ulipokuwepo. Walimu wengi wakiulizwa kuhusu miaka thelathini na mitatu husema "tumefundisha sana" wakanyamaza. Si kwamba wamesahau, hawana pa kushikia. Ukiandika "1997–2001, darasa la tatu, watoto 94, madawati 12", kumbukumbu zinazobaki zinakuja zenyewe. Utaihitaji karatasi hiyo tena tutakapofika kwenye daftari.

Ukiona pengo, nenda kwanza ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) ya wilaya. TSC ilianza kazi Julai 2016 ikichukua nafasi ya Idara ya Utumishi wa Walimu, na majalada ya zamani ya walimu yalikwenda huko. Halafu nenda masijala ya halmashauri. Hapa wengi hupotea njia. Kaliua ilimegwa kutoka Urambo. Sikonge na Uyui zilitoka kwenye wilaya ya Tabora ya zamani. Nzega sasa ina halmashauri mbili. Mwalimu aliyeajiriwa kabla ya mgawanyo anaweza kuwa na nusu ya jalada kwenye halmashauri mama. Usiulize "jalada langu lipo?" Uliza kwa namba ya jalada na mwaka wa ajira, na jina liwe lile ulilotumia wakati huo.

Jina nalo huchelewesha mafao. Cheti kinasema Mariam, barua ya ajira inasema Maryam, NIDA inasema Mariamu. Kwa mtu wa kawaida ni yule yule. Kwa mfumo ni watu watatu. Tofauti ya herufi hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina likiwa limebadilika kabisa, kwa mfano baada ya kuolewa, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ile wengi wanayoiita dipoli. Linganisha herufi kwa herufi sehemu nne: NIDA, mfumo wa utumishi, PSSSF na akaunti ya benki. Fanya hivyo miaka miwili kabla.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mtego wake. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60 na kwa hiari ni kuanzia 55, lakini kinachohesabiwa ni tarehe uliyoijaza ulipoajiriwa mara ya kwanza. Cheti kipya cha kuzaliwa cha RITA hakiisogezi mbele wala nyuma.

Kikokotoo, kwa penseli

Kila mwalimu anakilalamikia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, wachache wamekikokotoa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Chukua wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo mizuri kuliko yote ndani ya miaka kumi ya mwisho, uweke kwa mwaka. Zidisha kwa miezi ya utumishi, gawanya kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo, yaani fedha unazolipwa mara moja unapostaafu, ni asilimia fulani ya hiyo, mara 12.5. Inayobaki hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi.

Asilimia hiyo ilikuwa 33 kuanzia Julai 2022, na kwenye bajeti ya 2024/25 ikapandishwa hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa kundi la asilimia 50, yaani waliotoka PSPF na LAPF. Walimu wengi wamo humo.

Tuseme wastani wa mshahara wa msingi ni 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka, na miezi ni 396. Pensheni kamili ya mwaka inakuwa 9,831,724. Asilimia 40 mara 12.5 ni sawa na kuzidisha kwa 5, hivyo mkupuo ni 49,158,621. Asilimia 60 inayobaki ukigawa kwa 12 unapata 491,586 kila mwezi. Kwa asilimia 40 mkupuo huwa mara mia moja ya pensheni ya mwezi, hivyo ukijua kimoja umejua kingine, na ukipewa takwimu mbili zisizolingana hivyo, uliza.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo bila ile miezi 72 ya kabla ya Julai 1999. Mkupuo unashuka kwa 8,937,931, na pensheni kwa 89,379 kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Hiyo ndiyo bei ya ile karatasi ya taipureta.

Posho haziingii, unaoingia ni mshahara wa msingi peke yake. Kwa hiyo daraja lililochelewa linauma mara mbili, kwenye mshahara na kwenye wastani. Kama ulistahili kupanda na hukupanda, au ulipanda barua ikaja mshahara usibadilike, lishughulikie ukiwa kazini. Madai ya malimbikizo, ya uhamisho na ya likizo yawasilishwe kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ahadi ya mdomo ya afisa aliyehamishiwa Rukwa haina mahali pa kuegemea.

Anayestaafu kwa hiari huandika barua ya kusudio miezi sita kabla, ikipitia kwa mwalimu mkuu kwenda kwa mkurugenzi. Anayestaafu kwa lazima asikae akisubiri kukumbukwa, naye aandike. Wakati huo huo hakikisha mahali pa asili palipoandikwa kwenye jalada lako ndipo unapotaka kusafirishwa, maana nauli yako, ya mwenza na wategemezi, pamoja na mizigo, hukadiriwa kuelekea huko. Mtu wa Kibondo aliyejaza Tabora kwa sababu ndipo alipokuwa akifundisha hataweza kudai lori la kwenda Kibondo.

Mikopo ni aya fupi. Mwaka wa mwisho usikope kwa mshahara, wala usiongezee mkopo ulionao. Na yule mkopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu, anayeshikilia kadi yako ya benki, mlipe umalize na uichukue kadi kabla barua ya kustaafu haijatoka, kwa sababu mkupuo utaingia kwenye akaunti hiyo hiyo. Kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza panaweza kupita miezi kadhaa, hivyo weka akiba ya chakula na dawa ya miezi sita. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vizuri ni akiba pia.

Makabidhiano

Kosa la kawaida ni kukabidhi funguo siku ya sherehe, mbele ya wageni, huku ngoma inalia. Baada ya miezi mitatu kitu hakionekani, na aliyeondoka ndiye anayetajwa.

Anza wiki mbili kabla. Hesabu kitu kimoja kimoja pamoja na anayepokea, wala msinakili daftari la mali, kwa sababu daftari lina madawati ambayo yaliota moto jikoni zamani. Andika hali, siyo idadi tu: "madawati 86, mazima 71, yaliyolegea misumari 13, yaliyovunjika mguu 2." Vitabu vihesabiwe kwa somo na darasa, vilivyopo stoo na vilivyo mikononi mwa wanafunzi vikitenganishwa. Funguo zifungiwe kipande cha karatasi ngumu kila moja, na namba ya mlango. Saini ziwe tatu: anayetoa, anayepokea, na shahidi kutoka kamati ya shule. Nakala tatu pia. Yako iende sandukuni.

Kama wewe ni mwalimu mkuu, kuna zaidi. Jina lako litoke kwenye waweka saini wa akaunti ya shule, na upate uthibitisho wa benki. Andika salio la siku hiyo, hundi zilizotoka ambazo hazijalipwa, na mafundi wanaodai. Mradi wowote wa ujenzi uliofikia lenta ukabidhiwe na orodha ya vifaa vilivyobaki: saruji mifuko mingapi, nondo za milimita ngapi, ziko wapi. Mchanga na kokoto vipigwe picha. Nyumba ya shule nayo ikabidhiwe kwa maandishi, pamoja na namba ya mita ya LUKU, hata kama anayeingia ni rafiki yako.

Daftari

Mpaka hapa umelinda haki yako. Kuna mali nyingine ambayo haipo kwenye daftari la mali na huondoka na mwalimu getini: kujua watoto wa hapa wanakwama wapi, na kinachowakwamua. Mwalimu mpya anayeripoti Januari akiwa na begi moja atatumia miaka mitano kuyagundua upya. Unaweza kumpunguzia mitatu.

Nunua kaunta buku nene, ya kwaya (quire) mbili. Chora safu tatu kila ukurasa: mada, wanapokwama, kinachowatoa. Lijaze siku ile ile ya somo, dakika kumi na tano kabla hujatoka ofisi ya walimu. Likisubiri Jumamosi utaandika maneno ya jumla, "wanafunzi hawaelewi sehemu", ambayo hayamsaidii mtu. Andika kosa lenyewe kama mtoto alivyoliandika.

Mfano wa ukurasa mmoja. Mada: kujumlisha sehemu, nusu na theluthi. Wanapokwama: wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wanapata 2/5. Kuwaambia "tafuta kigawe kidogo cha shirika" kunawapa kanuni nyingine ya kukariri, na wiki ijayo 2/5 inarudi. Kinachowatoa: kamba ya katani ya sentimita 60 na rula. Mtoto mmoja akate nusu, sentimita 30. Kamba ya pili kama hiyo, mwingine akate theluthi, sentimita 20. Ziunganishwe ubaoni: sentimita 50. Sasa uliza, 2/5 ya kamba ya sentimita 60 ni ngapi? Watapata 24. Nyamaza hapo. Yupo atakayesema, "Lakini mwalimu, ile nusu peke yake ni 30!" Jibu la kujumlisha limekuwa fupi kuliko kipande kimoja. Akishaliona hilo kwa macho, ndipo 3/6 na 2/6 zinapokuwa na maana, na 50 kati ya 60 inakuwa 5/6. Angalizo la kuandika pembeni: usitumie kamba ya mita moja, kwa sababu theluthi yake haitoki kwa sentimita kamili na somo linageuka kuwa la desimali.

Ukurasa mwingine: 1,000 kutoa 387. Wanapokwama: wanaandika 1,387, kwa sababu penye sufuri juu wanatoa kinyumenyume, 7 toa 0, 8 toa 0, 3 toa 0, na moja inabaki pale pale. Kukopa kupita sufuri tatu ni safari ndefu kwa mtoto wa darasa la tatu. Kinachowatoa ni kuchenji: elfu moja ni mia tisa, tisini na kumi. Kumi toa saba, tisini toa themanini, mia tisa toa mia tatu: 613. Mtoto anayetumwa dukani kila siku hahitaji maelezo zaidi. Tena atakwambia mwenyewe kwamba huwezi kuwa na elfu moja, ukatumia, ukarudi na zaidi.

Kusoma kunahitaji kurasa nyingi kuliko hesabu, na Tabora ukurasa wa kwanza ni wa *l* na *r*. Mtoto aliyelelewa kwa Kinyamwezi au Kisukuma anaandika "kurara" na "fulaha". Mwalimu kutoka Pwani hudhani ni uvivu, hucheka, na darasa zima hucheka naye. Tangu siku hiyo mtoto huyo hasomi kwa sauti. Lugha ya nyumbani haizitenganishi sauti hizo mbili, hivyo sikio lake halijawahi kulazimika kuzichagua. Basi anza na sikio, ulimi utafuata. Wiki mbili, dakika tano kila asubuhi: mwalimu afunike mdomo kwa daftari, atamke neno moja, na watoto wanyooshe mkono wa kushoto kwa *l*, wa kulia kwa *r*. Kula, kura. Hali, hari. Mbali, mbari. Mpaka robo tatu ya darasa wanapatia ndipo uende kwenye kutamka: kwa *l* ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno na kubaki, sauti ikipita pembeni, kwa *r* inagonga na kuachia. Kuandika kuje mwisho. Ukianza na imla, unapima kitu ambacho hujafundisha.

Ukurasa wa kalenda wengi huusahau, na pengine ndio wenye faida kuliko yote. Azimio la kazi linaonyesha mihula, halionyeshi tumbaku. Kwenye kata za Urambo, Kaliua na Sikonge zinazolima tumbaku, majani yanapochumwa, kufungwa na kupangwa kwenye mabani ya kukaushia, viti vya nyuma vinakuwa wazi. Shule za upande wa wafugaji huona pengo lake wakati wa kuhamisha ng'ombe kutafuta maji. Fungua madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu iliyopita, hesabu wasiokuwepo wiki kwa wiki, kisha chora mstari. Utaona wiki zinazorudia. Mada nzito, kama kugawanya kwa tarakimu mbili, isiwekwe humo. Weka marudio, usomaji wa hadithi, stadi za kazi. Hilo liandikwe kwenye daftari kwa majina ya vitongoji, siyo "baadhi ya wanafunzi".

Kurasa za mwisho ziwe za watu na vitu: fundi anayejua pampu ya kisima cha shule, mzazi ambaye akikubali jambo mkutanoni wengine hufuata, kona ya darasa la pili inayovuja, chaki ya aina ipi inashika ubao ule uliopakwa rangi isiyofaa. Habari za siri za familia za watoto zisiandikwe. Hizo zisemwe kwa mdomo, kwa mwalimu wa darasa, na ziwe chache.

Na yale uliyokosea? Yaandikwe pia, ukurasa wake peke yake. Hapa ndipo ile mistari ya pembeni kwenye jedwali la vituo inaporudi. Pitia kituo kimoja kimoja ujiulize: njia ipi niliitumia pale ambayo leo nisingeitumia, na kwa nini? Mwalimu wa miaka thelathini amepita kwenye mitaala kadhaa, ukiwemo ule wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 na huu ulioanza Januari 2024, na ameona njia zikisifiwa, zikiachwa, zikirudi na jina jipya. Anayepokea daftari atafaidika zaidi na ukurasa mmoja wa "hii niliijaribu, ikashindwa kwa sababu hii" kuliko kurasa kumi za mafanikio.

Daftari lisikabidhiwe likiwa limefungwa. Muhula wa mwisho mwachie mwalimu mpya vipindi viwili kwa wiki, ukae nyuma. Baada ya kipindi mpe jambo moja la kubadilisha. Mawili akikazana. Ukimpa kumi atakuitikia "sawa, mwalimu" kwa yote na hatabadilisha hata moja.

Picha za zamani zina utaratibu wake. Andika nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya mbele. Mwaka, shule, majina kuanzia kushoto. Usiyemkumbuka muachie nafasi. Mwalimu mwenzako wa wakati ule atamjua, mpigie.

Siku ya kuagwa

Hotuba isizidi dakika saba. Watoto wako juani. Itifaki ikishazingatiwa, wataje kwa majina watu ambao risala imewaruka, kama mlinzi, mpishi wa uji, na yule mama anayeuza maandazi getini na kukopesha walimu mwisho wa mwezi. Elezea kitu kimoja ulichojifunza hapo ambacho hukukijua ulipofika. Kaa. Bati, kitenge au mbuzi utakayepewa usimwekee bei kichwani.

Baada ya hapo

Tapeli atapiga simu. Atakuwa na jina lako kamili, tarehe yako ya kustaafu, na sauti ya mtu wa ofisini, atataka "gharama ya kuharakisha mafao". Mafao hayana ada ya kuharakisha. Kata simu, nenda ofisi ya PSSSF mkoani kwa miguu yako.

Badilisha kadi ya NHIF mapema; mstaafu huendelea na mwenza wake, watoto hawamo, hivyo mwenye mtoto bado shuleni ampangie bima nyingine. Pima shinikizo la damu na sukari ukiwa bado una kadi ya kazini, na miguu pia, maana kusimama miaka thelathini huacha mishipa.

Mkupuo usiguswe miezi mitatu, isipokuwa kumaliza deni. Yanayoharibika huwa yale yale: nyumba ya vyumba saba inayoishia kwenye lenta, gari la abiria alilokabidhiwa mpwa, ekari kumi za tumbaku kwa mtu ambaye hajawahi kulima ekari mbili. Nyuki wa Tabora ni wazuri kwa mstaafu kama ataanza akiwa na miaka 55 na mizinga mitano, mbali na nyumba na njia za mifugo, ajue kwanza msitu wake una maua mwezi gani. Kununua mizinga hamsini kwa mkupuo ni kununua masanduku hamsini matupu. Nyuki huingia wanapotaka.

Januari ya kwanza mwili utaamka saa kumi na moja alfajiri wenyewe. Usiende kukaa ofisi ya walimu. Ukitaka kusaidia, kubaliana na mwalimu mkuu siku moja kwa wiki, kundi moja la wasiojua kusoma, na saa ya kuondoka.

Pensheni husimama mstaafu asipohakikiwa. Siku hizi uhakiki unaweza kufanyika kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, uso ukitambuliwa na kamera. Fanya mchana kwenye mwanga, bila miwani wala kofia. Ukibadilisha laini ya simu, toa taarifa kabla ya kuitupa ya zamani.

Halafu mwite mwenza wako, pamoja na mtoto mmoja mwenye akili tulivu, mlifungue sanduku pamoja. Wasome ile karatasi ya kwanza ya jedwali, waone barua ya ajira ilipo, wajue namba yako ya pensheni na benki gani. Hakikisha majina yao yameandikwa PSSSF kama yalivyo kwenye NIDA zao. Funguo ya pili ikae kwa huyo mtoto.